Ana stenti, anataka ibuprofeni na omeprazoli: nimuuzie?

DukaLaDawa_Kibaigwa:
Salaam wakuu. Mteja aliwekewa stenti ya moyo (kibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi) miezi minne iliyopita, anameza aspirini 75 mg na klopidogreli 75 mg kila siku. Anataka ibuprofeni ya mgongo na omeprazoli ya kiungulia. Anauliza pia kwa nini asibaki na moja kati ya aspirini na klopidogreli, kwani zote si za kulainisha damu?

Mfamasia_Dom:
Usimuuzie kwanza, mkuu. Zote mbili anazoomba zinagongana na dawa zake.

Hizo za moyo hazilainishi damu, zinazuia chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoigandisha, zisishikane. Chembe sahani zikikuta mshipa uliochubuka au chuma cha stenti hunata pale, kisha hutoa kemikali za kuziita nyingine. Mojawapo ni thromboksani. Aspirini inaua kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachoitengeneza. Nyingine ni ADP. Klopidogreli inaziba kipokezi cha ADP, yaani pale inaponasa kwenye chembe sahani. Njia ni mbili, ukifunga moja nyingine bado ina nguvu, na stenti changa inaweza kuziba ghafla.

Chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Ikishapigwa na aspirini imekwisha mpaka ife, siku 7 hadi 10. Ndiyo maana dozi ndogo hiyo inatosha.

Sasa ibuprofeni inakaa palepale kwenye kimeng'enya aspirini inapotakiwa kushika. Aspirini inakosa nafasi na kutoka mwilini ndani ya saa chache. Ibuprofeni nayo inaachia, chembe sahani zinarudi kazini. Juu ya hapo tumbo linaweza kuvuja damu. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, nayo hapana, ina hatari zake kwa moyo. Mpe parasetamoli, 1 g hadi mara tatu kwa siku, kama ini lake ni zima.

Muuguzi_Moyo:
Naongezea kwenye omeprazoli. Klopidogreli humezwa ikiwa bado haijawa dawa. Ini ndilo linaiamsha kwa kimeng'enya CYP2C19, na omeprazoli na ndugu yake esomeprazoli hukizuia hichohicho, hivyo klopidogreli haiamki vizuri. Pantoprazoli, nayo ya kiungulia, ina usumbufu mdogo, ila aandikiwe na daktari wake.

Lakini ndugu yangu, hicho kiungulia kichunguze kabla ya yote! Muulize kama kinakuja akitembea au akibeba ndoo na kutulia akikaa, kama kinapanda tayani au mkononi. Kikiwa hivyo huo ni moyo, aende hospitali leo hii. Muulize pia rangi ya choo: kikiwa cheusi kama lami, anavuja damu tumboni, naye aende leo hiihii.

DukaLaDawa_Kibaigwa:
Nimewaelewa. Na akisahau dozi? Wiki ijayo anang'oa jino pia.

Mfamasia_Dom:
Akikumbuka siku hiyohiyo ameze. Ikifika kesho ameze ya kesho tu, asirundike mbili. Kwa jino asiache hata dawa moja ya moyo kwa uamuzi wake. Amwambie daktari wa meno mapema, ang'olewe asubuhi, na baadaye ang'ate shashi kwa dakika 30 bila kuchungulia. Damu itachelewa kukata, ila kwa kawaida itakata. Kama anaenda shambani Kondoa au Mpwapwa, abebe vidonge vya kutosha hadi siku ya kurudi, na ziada ya wiki.

Muuguzi_Moyo:
Na mtu asimwambie aponde aspirini yenye ganda la nje ili imezeke kirahisi. Ganda lile lipo ili ikayeyukie kwenye utumbo, siyo tumboni.