Mrejesho: Nilikula wapi New Orleans

Wadau, niliwauliza nikale wapi chakula cha Kikrioli (mapishi ya mjini, mchanganyiko wa Kiafrika na Kizungu) na Cajun (mapishi ya mashambani ya wazao wa Wafaransa) nikiwa New Orleans, Marekani. Nimerudi, asanteni sana.

Dooky Chase's, mgahawa wa tangu 1941, ndio ulionikamata. Gumbo yao ni mchuzi mzito wa kahawia, soseji na kamba ndani, unamwagwa juu ya wali. Na neno gumbo lenyewe lina asili ya Afrika, maana yake bamia! Nilitulia kidogo kabla ya kijiko cha pili.

Jumatatu nilikula maharage mekundu kwa wali, desturi ya mji tangu enzi Jumatatu ilipokuwa siku ya kufua. Kwenye mkahawa wa Café du Monde, mandazi ya mraba yaliyofunikwa sukari ya unga. Msivae nguo nyeusi.

Kwa chakula cha Cajun hasa nendeni Lafayette, mji mwingine wa jimbo hilohilo la Louisiana. Mimi siku ziliniishia.