Parseli (kiwanja) Goma, njia ya Sake, ina shimo katikati: ninunue au niache?

MamaWaBuhene:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nyumba yangu ya mbao ilikuwa Buhene. Jioni ya Mei 22, 2021, anga la volkano Nyiragongo lilipokuwa jekundu, nilibeba watoto wawili na godoro moja, basi. Lava ilifunika mengine yote, ikakata na barabara ya Rutshuru. Tangu hapo nimepanga chumba Ndosho, nauza makaa, naweka kidogo kidogo.

Sasa nimepata parseli mbele kidogo ya Mugunga, bei ya chini kuliko zote nilizoulizia. Katikati ina shimo, kina chake kama kimo cha mtu. Nilienda saa kumi na mbili asubuhi nikaona ndani ndege wawili na panya, wamekufa. Muuzaji anasema ni paka. Paka gani huyo asiyekula? Manyoya hayakuguswa hata moja. Jirani aliniambia neno moja tu: mazuku.

Nimekimbia moto, sitaki kuwalaza wanangu juu ya kitu kisichoonekana. Shimo likijazwa mawe, hatari inaisha? Naweza kupima kwa mshumaa?

Kivu_Mvuvi:
Pole mama. Hiyo ni gesi ya methani ya Ziwa Kivu. Ukiwa mbali na maji usiogope.

FundiKeshero:
Hapana kaka, tusimpoteze mama. Methani ni nyepesi kuliko hewa, inapanda. Mazuku ni kaboni dioksidi, inatoka chini sana na kupenya kwenye nyufa za mawe. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde kama maji. Haina rangi, haina harufu. Usiku usipokuwa na upepo inajaa, jua likipanda inapungua. Mama, ulifanya vizuri kwenda mapema. Mchana huenda usingejua kitu.

Mshumaa nakuomba usijaribu. Mpaka mwali uzimike, wewe uliyeinama umeshaivuta.

Na mawe hayaui gesi. Ukiziba hapa inatafuta ufa mwingine, na huo unaweza kuwa chini ya sakafu yako. Nachimba misingi na vyoo upande huo miaka kumi na moja sasa. Karibu na ziwa dogo la Lac Vert tulikuwa tumefika mita mbili tu. Asubuhi kijana wetu akashuka kuendelea na kazi, akaanguka bila hata kupiga kelele. Mwenzake alitaka kuruka amtoe, tukamkamata kwa nguvu, maana wangekuwa wawili. Kilichomwokoa ni kamba aliyokuwa amefunga kiunoni, tukamvuta nayo. Leo hakuna anayeshuka kwenye kazi yangu bila kamba, hata mita moja.

Muuguzi_Himbi:
Naongeza la watoto. Wao wako karibu na ardhi, kwa hiyo gesi inawafikia kwanza: mtu mzima amesimama hajahisi kitu, mtoto anayecheza chini ameshaanguka. Kulala kwenye mkeka ndiyo hatari kubwa kabisa. Kichwa kikiuma ghafla, kizunguzungu, pumzi fupi, usikae chini kupumzika! Panda mahali pa juu. Na kabla ya kulipa hata faranga moja, nenda OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma, uulize kama wanapajua hapo, umuulize na shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa).

MamaWaBuhene:
Asanteni sana. Nilimwomba muuzaji tukutane pale saa kumi na mbili asubuhi, tusimame pamoja kando ya shimo. Akasema yeye anaweza saa saba mchana tu. Nimemrudishia karatasi zake. Anayejua parseli iliyo juu, hata ndogo, hata mbali na barabara, aniandikie.

Nilipokuwa naondoka, mama mwingine mwenye mtoto mgongoni alikuwa anaulizia bei ya shimo lilelile. Nilimshika mkono, nikamwonyesha wale ndege.