Mwanangu kamaliza Form Two Bongo, huku Texas wamemweka greidi ya 9. Nifanyeje?

mama_wawili_dfw

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada wenye watoto high school za serikali huku Texas. Tumefika mwezi wa 7, tunakaa nje ya Dallas, huku kwenye mitaa ya nyumba zote sura moja mpaka wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu mageti nisipotee. Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, Form Two alimaliza Bongo, mtihani wa taifa alipata B ya hesabu na A ya baiolojia, na Form Three akasoma mpaka mwezi wa 6. Nimemwandikisha shule ya hapa mtaani wamemweka greidi ya 9, wakampa Algebra 1 na vipindi viwili vya ESL, yaani Kiingereza cha wanaojifunza lugha, kwa sababu kwenye fomu ya lugha ya nyumbani niliandika Kiswahili. Sasa ningeandika nini jamani, si ndiyo tunachoongea.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto amenyamaza. Shule ina wanafunzi zaidi ya elfu 3, kengele ikilia wana dakika chache tu kutoka darasa hili kwenda lile, anasema kwenye korido anabebwa tu na watu. Juzi nimefungua begi lake nikakuta sandwichi niliyomfungia iko vilevile kwenye foili, ya juzi yake pia imo chini, imebonyea na vitabu. Namuuliza ananiambia muda wa chakula anakaa laibrari maana kantini hajui akae meza gani. Mtoto huyu Bongo alikuwa kapteni wa timu ya shule! Anasema hapa mpira hamna, kuna ule wao wa kubeba mkononi tu. Kaunsela nimempigia mara mbili naambiwa acha meseji. Nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, asubuhi nikirudi yeye keshapanda basi. Naombeni mnielekeze nianzie wapi, na hizo AP sijui nini wanazozisema ni kitu gani.

---

mamake_houston

Pole sana dadangu, hiyo kitu ilinipata na firstborn wangu tukitoka Nakuru, yeye alikuwa amemaliza Form Two pia. Wacha nikuambie kile ningependa mtu angeniambia mapema: hapa greidi si umri na si darasa alilotoka, ni krediti. Kila kozi ya mwaka mzima ni krediti moja, ya nusu mwaka ni nusu. Diploma ya Texas ya kawaida ni krediti 22, lakini wengi hupelekwa kwa ile ya 26. Kama kwa kompyuta yao mtoto wako ana sifuri, basi ni greidi ya 9, hata awe na akili namna gani. So wewe usiende kulia juu ya greidi, nenda ukauliza krediti za masomo aliyosoma Tanzania ziko wapi.

Na shida kubwa ni hesabu. Kwetu tunasoma algebra, jiometri, takwimu, zote kwa kitabu kimoja kila mwaka. Hapa wamezikata: mwaka wa kwanza Algebra 1, halafu Geometry, halafu Algebra 2. Sasa mtu wa ofisi akiona ripoti imeandikwa tu Basic Mathematics hajui aiweke kwa sanduku gani, so anaanza mwanzo. Hawamaanishi mtoto hajui. Mimi nilichukua ripoti zote za muhula, matokeo ya mtihani wa taifa, na ile silabasi nikaiprinti, nikapiga mstari kwa kila topiki ya algebra mwenyewe na kalamu nyekundu nikiwa kwa meza ya jikoni saa sita usiku. Wakakubali baiolojia hapo hapo. Algebra wakasema afanye mtihani wa kupata krediti, na Texas sheria ni kwamba kama somo alishafundishwa kabla, akipata 70 anapewa. Akapata, akahamia Geometry wiki ya tano. Shule yetu ukiwa na krediti 6 unaitwa greidi ya 10, so kufika Januari alikuwa amepanda.

Usipige simu tena. Andika imeili, sema unaomba kikao cha kupitia transkripti za nje, yaani rekodi za masomo na alama zake za huko, na utaje tarehe. Imeili inabaki. Na fanya hii wiki, juu ratiba ikishakaa wiki nyingi kubadilisha inakuwa ngumu. ESL mimi nilikataa kwa maandishi, mzazi ana hiyo haki.

---

papa_fwtx

Mama jambo. Miye niko Fort Worth, tulitoka kambi ya Nyarugusu pale Kigoma 2016, batoto wangu watatu wamepita shule za hapa. Dada wa Houston amesema vizuri, miye naongeza mbili tu.

Ya kwanza, mpira uko! Mwambie kijana asikate tamaa. Huku Texas soka ya high school haichezwi sasa, mechi zinaanza Januari, na majaribio ya kuchagua timu yanakuwa kabla ya Krismasi. Sasa ivi ni msimu wa ule wa mkononi, ndiyo anaona uwanja wote ni wao. Aende kwa kocha wa soka kabla ya yote, amuambie jina, amuambie namba anacheza. Mutoto wangu wa pili alienda na viatu mkononi tu, kocha akamuambia njoo kesho asubuhi, kipindi cha kwanza ni mazoezi. Kutoka siku ile alipata meza ya kula. Atahitaji karatasi ya daktari kwamba afya iko sawa, tafuteni mapema. Na kuna sheria hapa tangu 1984, usipopata 70 kwa somo unasimamishwa kucheza, angalau wiki tatu. Wangu ilimupata sababu ya kazi moja ya historia hakurudisha, akakaa kwenye benchi na nguo za nyumbani akiangalia wenzake. Kutoka pale hakuchelewesha tena hata karatasi.

Ya pili, kama kwa kikao Kiingereza chao kinakuwa cha haraka, uliza mkalimani. Ni bure, ni sheria ya nchi nzima, na hawapaswi kutumia mutoto kuwa mkalimani wa mzazi wake. Miye nilikaa mwaka muzima mutoto ndiye ananitafsiria mambo yake mwenyewe. Si vizuri kwa mzazi, na kwa mutoto ni mzigo.

---

dogo_wa_tuba

Shikamoo mama. Mimi nilimaliza high school hapa hapa upande wa DFW (Dallas na Fort Worth), nilikuja nikiwa na miaka 14 kutokea Mwanza kwa hiyo namwelewa sana mdogo wangu huyo, hata mimi nilikula laibrari miezi miwili.

Kwenye ESL natofautiana kidogo na mama wa Houston, kabla hujakataa uliza kwanza vipindi hivyo vinahesabiwa kama nini. Texas kuna kozi za Kiingereza kwa wanaojifunza lugha, ESOL 1 na 2, zinazoingia moja kwa moja kama krediti ya Kiingereza cha 1 na cha 2, hiyo sio hasara. Hasara ni ile inayohesabiwa kama somo la ziada huku anasoma na Kiingereza cha kawaida pembeni, hiyo ndiyo inakula nafasi kwenye ratiba. Na Kiswahili chake ni mali mama, hapa unahitaji krediti 2 za lugha ya kigeni, mimi shule yangu walikubali nifanye mtihani wa Kiswahili, wenzangu wanahangaika na Kispanyola mimi nimeshamaliza asubuhi moja.

AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanafundishwa hapo hapo shuleni, mwezi wa 5 kuna mtihani wa alama 1 mpaka 5, ukipata 3 vyuo vya serikali vya Texas vinakupa krediti ya chuo, ada inapungua. Kuna nyingine ya kusoma kwa kushirikiana na chuo cha jamii, somo moja linaandikwa shule na chuo kwa pamoja, hiyo mtihani mmoja haukuangushi lakini alama inabaki kwenye rekodi ya chuo maisha, asiingie kwa mzaha. Kwa nini nakwambia mapema: Texas tangu 1997 mwanafunzi akiwa kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yake anaingia vyuo vikuu vya serikali moja kwa moja, UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, wao wamebana wanachukua asilimia 5, na lazima awe amefika Algebra 2. Akianza Algebra 1 mwaka huu anafika, ila nafasi ya kalkulasi mwisho inakuwa finyu. Ndiyo maana ule mtihani wa hesabu una uzito.

Mimi nilitolewa laibrari na bendi. Sikuwahi kushika tarumbeta maishani, mwalimu akaniangalia urefu akanipa tuba ya shule, kilo za kutosha, tunafanya mazoezi paking mwezi wa 8 lami inawaka mpaka soli inanata. Lakini ijumaa usiku taa zikiwashwa uwanjani, watu wamejaa, unahesabu hatua 8 kila yadi 5 na kuna mtu kushoto na mtu kulia wanaokujua jina. Kama soka ni Januari basi mpaka hapo atafute klabu yoyote, roboti, chesi, chochote chenye watu 15 na mwalimu mmoja.

---

mama_wawili_dfw

Nimesoma zote mara mbili nikiwa kwenye gari kabla ya kuingia shifti, Mungu awabariki sana. Imeili nimetuma jana usiku, leo saa 3 asubuhi kaunsela kajibu mwenyewe, kikao alhamisi. Mkalimani nimeomba. Silabasi naiprinti kesho, kalamu nyekundu ninayo.

Nimemsomea mwanangu hiyo ya kocha na viatu. Hakusema kitu, akaenda chumbani, nikasikia anavuta begi kutoka chini ya kitanda. Njumu zilikuwa bado na udongo mwekundu wa nyumbani. Baba wa Fort Worth, kijana anauliza, kocha huwa yupo shuleni saa ngapi?

---

papa_fwtx

Wengi wanafundisha na darasa pia. Aulize ofisi ya michezo jina na chumba, aende wakati wa chakula. Muda anao.