Nyumba za umma Dar, kuanzia kota hadi maghorofa: wajuzi tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, uzi huu ni wa wanaozijua nyumba za umma za Dar kwa ndani: wapimaji, mafundi, wasimamizi wa majengo, wapekuzi wa mafaili. Stori za "enzi zetu kota" zina uzi wake. Hapa leteni mwaka, kipimo na sababu.

Naanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipima Magomeni na Temeke, ikajenga na kota za kupangisha Waafrika. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) likaundwa 1962, na kazi yake kubwa ya mwanzo ikawa kubomoa nyumba za udongo na kusimamisha za tofali. Hesabu yake ilikuwa na tobo: ukibomoa moja ukajenga moja, umetumia hela nyingi na mji haujapata nyumba ya ziada. Ndiyo maana mpango ule haukuvuka miaka ya mwanzo ya 70.

Mchora ramani
Nyumba nyingi za mpango huo zilifuata ramani ya nyumba ya Kiswahili. Ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa nyuma unatokea uani kwenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba anakaa viwili, vinne anapangisha. Kwa akili ya pesa hakuna ramani iliyoizidi.

Inapoharibika ni uani. Mtu anaongeza vyumba vya banda mpaka ukutani, shimo la choo linabaki chini ya sakafu ya mpangaji. Likijaa, gari la kunyonya linaishia barabarani, na mpira wake hauna pa kupita ila ukumbini, katikati ya watu na vyungu vyao.

Fundi mwashi
Kuhusu kukarabati kuta za kota: usipige lipu ngumu ya saruji nyingi juu ya ukuta mkongwe uliochoka. Unyevu unaopanda kutoka msingini unakosa pa kutokea, na baada ya masika mawili lipu inabanduka vipande kama chapati. Kwangua hadi kwenye tofali, acha ukuta ukauke, ndipo upige lipu nyepesi. Na tofali za kuzibia, mfuko wa kilo 50 utoe 30 hadi 35 za inchi 6. Anayekuambia anatoa 50 kakuuzia mchanga.

Mpekuzi wa mafaili
Tusahihishane kidogo. Watu wakiona ghorofa kuukuu Upanga au katikati ya mji wanasema "hii ilijengwa na NHC". Mengi hayakujengwa nayo. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majengo: jengo lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambalo mwenyewe amelipangisha liliweza kuchukuliwa. Waliochukuliwa wengi walikuwa Wahindi. Fidia ilihesabiwa kwa umri wa jengo, na lililopita miaka 10 halikulipwa kitu. Yote yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyoyasimamia, ambayo iliunganishwa na NHC mwaka 1990.

Kwa hiyo shirika moja likabeba mali za aina mbili: zile lililojenga lenyewe kwa ramani chache zinazofanana, na hizi za kurithi, kila moja na mjenzi wake na mabomba yake. Juu ya hapo sheria ya 1984 ilibana kodi za pango hadi marekebisho ya 2005. Kodi haikupanda, bati na bomba vikapanda bei. Ukarabati ungetoka wapi?

Fundi bomba
Nikazie hapo kwenye mabomba. Ghorofa za zamani zina bomba la wima la chuma, inchi 4, linaloshusha maji machafu ya vyoo vyote vilivyopangana. Linaoza kwanza kwenye maungio na nyuma ya vibanio, yaani upande wa ukutani usiouona. Doa la kahawia kwenye dari ya ghorofa ya pili mara nyingi chanzo chake kipo ghorofa ya nne.

Kosa la kila siku: kila mpangaji anakata kipande chake, anachomeka plastiki, anaziba kwa saruji. Plastiki ikipata joto inatanuka, saruji haitanuki kiasi hicho, ufa unarudi. Tumia kiungio cha raba. Cha maana zaidi, badilisha bomba zima kwa mkupuo mmoja kuanzia kona ya chini, na tundu la hewa litokeze juu ya paa. Wakilikata kwa sababu wanaongeza chumba juu, vyoo vya chini vinaanza kupiga mapovu na harufu inaingia ndani.

Nani alipe? Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaweka vitu vya pamoja chini ya umoja wa wamiliki. Bila mfuko wa umoja, bomba hilo halina mwenyewe.

Mpima ardhi
Kuanzia 1974 mkopo wa Benki ya Dunia uligeuza mwelekeo: serikali ipime kiwanja, ilete barabara na maji, nyumba ujenge mwenyewe. Ndiyo Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Manzese haikubomolewa, iliingiziwa barabara na maji watu wakiwa humohumo. Aliyeshindwa kumaliza nyumba Sinza aliuza kiwanja kwa mwenye pesa. Benki ya Nyumba iliyokuwa ikikopesha ilikufa 1995.

Mleta mada
Shukrani wakuu. Imebaki Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa, kota zikabomolewa, eneo likakaa tupu miaka hadi agizo la ujenzi la 2016, na maghorofa yakafunguliwa Machi 2022. Kota za zamani, zisizo na ghorofa, hazikuwa na lifti wala pampu. Mwenye uzoefu wa kugawa bili ya lifti kati ya ghorofa ya chini na ya juu, aje na mchanganuo.