Gumzo la ukoo: mshubiri wa Neema

Neema: Shikamooni wakubwa zangu. Wengine mambo. Nina mgonjwa hapa ndani, naomba ushauri

Shangazi Rehema: Marahaba. Mgonjwa nani tena???

Neema: (picha)

Neema: Aloevera jamani 😅 Jirani aliyehama ndiye kaniachia. Majani ya chini yamekuwa laini, ukiyabonyeza yanatoa maji. Ya juu yamesinyaa na kujikunja. Kuutupa naona huruma

Shangazi Rehema: Wewe mtoto! Moyo umenipasuka. Siku nyingine anza na picha

Salim: 😂😂😂

Mjomba Hamisi: Huo una kiu tu. Jani likisinyaa ujue maji hakuna. Mwagilia asubuhi na jioni, utafufuka.

Shangazi Rehema: Kaka subiri kwanza. Neema usitie hata tone. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, uniambie ni mkavu au mbichi

Neema: Mbichi. Tena una harufu, kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo

Shangazi Rehema: Chungu kina tundu chini?

Neema: Ngoja

Neema: Hakina!! Ni kile cha kauri cha mapambo, chini kumezibwa kabisa

Shangazi Rehema: Basi tumeshajua. Mizizi imeoza

Mjomba Hamisi: Rehema, hapo hujaniingia. Mmea umekaa kwenye maji, iweje majani yasinyae? Si yangevimba?

Shangazi Rehema: Swali zuri, na ndilo linaloua mishubiri ya watu wengi. Mizizi inataka hewa kama inavyotaka maji. Udongo ukijaa maji wakati wote, zile nafasi ndogo za hewa zinazibwa, mizizi inakosa oksijeni inakufa, halafu kuvu inaingia kumalizia kazi. Mzizi uliooza haunyonyi kitu. Kwa hiyo jani linaanza kula akiba yake. Ule ute wa ndani karibu wote ni maji, ukipungua jani linakonda na kujikunja, huku chungu kimejaa. Kwa macho linafanana kabisa na jani lenye kiu. Mtu anaona kusinyaa anaongeza maji, anaumaliza mwenyewe. Ndiyo maana nilimwambia aguse udongo kabla ya kuangalia majani

Mjomba Hamisi: Sawa, hapo nimekuelewa. Lakini wa kwangu naumwagilia kila siku na hauna neno.

Salim: Mjomba wa kwako uko nje, juani, kwenye mchanga mtupu. Maji yanapita tu hayakai. Huu uko sebuleni ndani ya bakuli. Halafu mmea huu haupotezi maji ovyo, vitundu vya majani unavifungua usiku kuvuta hewa ya ukaa, mchana vingi umevifunga. Ni mmea wa asili ya Rasi ya Arabuni huo, umezoea ukame

Mjomba Hamisi: Umekuwa bwana shamba lini wewe

Asha: Mie nimeona video, unakata jani moja zuri unalichomeka kwenye udongo, linaota. Si arahisishe hivyo

Shangazi Rehema: Asha mwanangu, jani la mshubiri likichomekwa mara nyingi linaoza tu, lina maji mengi mno. Kuna mimea mingine ya jamii ya majani manene inakubali hivyo, huu hapana. Huu unaongezwa kwa vichipukizi vinavyotoka pembeni ya shina. Neema, ung'oe sasa hivi, ukung'ute udongo wote, tuone mizizi

Neema: (picha)

Neema: Mingi ya kahawia, nikiivuta ganda linavuka kinabaki kiuzi. Michache iko migumu, ya manjano hivi. Na kuna vichipukizi viwili vimejificha ubavuni!!

Shangazi Rehema: Alhamdulillah, basi una akiba. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti. Kata mizizi yote laini bila huruma. Ng'oa majani yaliyolainika. Halafu angalia kitako cha shina: ukiona kahawia ndani endelea kukata juu kidogo kidogo mpaka ukute pasafi. Ukiacha doa moja la uozo litapanda tu

Neema: Nikikata mpaka mizizi ikaisha je?

Shangazi Rehema: Shina likiwa safi linaweza kutoa mizizi mipya. Litachelewa tu. Vichipukizi vitenganishe kama vina mizizi yao, uvipande kwenye vikopo vidogo

Neema: Halafu napanda leo leo?

Shangazi Rehema: Hapana! Ulaze kivulini penye hewa siku kadhaa, kidonda kikauke kifanye ngozi. Ukipanda kidonda kibichi unarudi ulikotoka

Salim: Chungu chake kile kizuri asikitupe, aweke kokoto chini maji yakae huko

Shangazi Rehema: Kokoto hazisaidii. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo unausogeza tu utopetope karibu na mizizi. Na kama hakuna tundu, yakishashuka yatatokea wapi? Akitoboe, au akitumie kama vazi la nje tu, ndani aweke kopo lenye matundu. Cha udongo wa kufinyanga ndicho bora, kinapumua. Na kisiwe kikubwa kuliko mizizi, udongo wa ziada unabaki mbichi bila mtu wa kuunywa

Shangazi Rehema: Udongo changanya nusu kwa nusu na mchanga mnene. Si wa baharini, una chumvi. Ukishapanda kaa kama wiki moja ndipo umwagilie. Hapo sasa mwaga mpaka maji yatoke chini, ya kwenye kisahani uyamwage, usirudi tena mpaka udongo ukauke mpaka chini. Hakuna ratiba, kidole ndicho ratiba

Neema: Nimeandika yote. Niuweke juani upate nguvu?

Shangazi Rehema: Taratibu. Weka karibu na dirisha lenye mwanga mwingi. Ukiutoa ndani ukaupeleka jua kali siku hiyo hiyo utaungua, majani yatageuka mekundu-kahawia. Sogeza kidogo kidogo. Mbolea sahau kwa sasa

Mjomba Hamisi: Na yale majani mazima utakayokata usitupe. Kamua unywe, yanasafisha tumbo.

Shangazi Rehema: Kaka!!! Yatasafisha kweli. Ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ndiyo shubiri yenyewe, unaendesha mtu mpaka akauke maji mwilini. Marekani mwaka 2002 waliuondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti, watengenezaji hawakuwa wameleta ushahidi wa usalama wake. Mtoto asinywe kitu hapo

Mjomba Hamisi: Wazee wetu walikunywa.

Shangazi Rehema: Na walikimbia chooni 😂

Asha: Neema na paka wako je? Nasikia mmea huu ni sumu kwao

Shangazi Rehema: Kweli, paka na mbwa wakiutafuna wanatapika na kuharisha. Uuweke juu asikofika

Neema: Huyu anafika kila mahali 😩 Nitaona kabati. Shangazi, nitajuaje umepona?

Shangazi Rehema: Usiyaangalie ya pembeni, mengine hayatarudi, yatakauka na kudondoka. Angalia katikati. Likichomoza jani jipya gumu, la kijani, jua chini kuna mzizi unafanya kazi. Inaweza kuchukua wiki nyingi, usiwe unaung'oa kuchungulia

Salim: Kichipukizi kimoja changu, natangulia kusema

Mjomba Hamisi: Mimi mkubwa, changu ni cha kwanza.

Neema: Mjomba nitakupa, ila kinakuja na masharti ya Shangazi 😄