Mrejesho: ini na matumbo bandia ya filamu yetu, Kisumu

Niliwauliza jinsi ya kutengeneza ini na matumbo bandia kwa filamu yetu fupi, nikiwa na pesa kidogo sana. Jana tumemaliza kurekodi. Asanteni kwa dhati.

Matumbo yalikubali mara moja. Nilinunua soksi ndefu za kike za mitumba pale sokoni Kibuye, nikazijaza pamba na kuzibana kwa uzi hapa na pale zipate mikunjo, kisha nikapaka tabaka tatu za mpira wa majimaji uliotiwa rangi. Utumbo mwembamba wa mtu mzima hufika kama mita 6, lakini mita 2 zilijaza picha yote.

Ini ndilo lililonitoa jasho. La kwanza lilikuwa jelatini, ule unga wa kugandisha vyakula, na maji tu. Jua la saa saba lilipopamba moto, likaanza kuyeyuka mikononi mwa mwigizaji, na shoti nzima ikaharibika. Niliumia. Ndugu aliyenishauri nipunguze maji na kuongeza gliserini alisema kweli: la pili lilikuwa zito, lilitikisika kama nyama, wala halikukauka. Hata hivyo tulilitunza kwenye barafu kila tulipopumzika, maana jelatini huyeyuka karibu na joto la mwili.

Rangi nyekundu tupu inadanganya. Kakao kidogo ndani yake ndiyo iliyoleta ule wekundu wa kahawia wa ini halisi.

Sasa nataka moyo unaodunda. Nimeanza na puto na mrija mwembamba wa kupulizia. Aliyewahi kujaribu anieleze.