Mjadala: Umri wa gari ndio kipimo? Golf GTI yangu ya 2007 na kodi ya uchakavu

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, naomba tulijadili kwa hoja.

Mwaka 2021 niliagiza Volkswagen Golf GTI ya 2007 kutoka Japani. Kwa asiyeifahamu, ni gari dogo la milango mitano, na kwa nje unaweza kulipita ukadhani ni la kwendea sokoni tu. Chini ya boneti kuna injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu za farasi 200. Wazo lenyewe ni la zamani: GTI ya kwanza ilionyeshwa Frankfurt 1975, ikaanza kuuzwa 1976, gari la familia ambalo barabara ikiwa nyeupe linaondoka kama la mashindano. Nimelipenda tangu nikiwa kijana, na nililiwekea akiba miaka minne.

Lilipoteremka bandarini lilikuwa na miaka 14. Kwa sheria yetu, gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa sababu ya umri wake, na likipita 10 ni asilimia 30. Ndiyo ile tunayoiita kodi ya uchakavu. Pigeni hesabu pamoja nami. Chukua gari ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima imekubaliwa kuwa milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tumefika 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi CC 1000 lakini isiyozidi 2000 ni asilimia 5 (GTI ina 1,984, hapo imepona). Halafu inakuja asilimia 30 ya umri juu ya ile 12.5, yaani milioni 3.75, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Umri peke yake, ukiweka na VAT inayouangukia, umekula karibu milioni 4.4.

Kodi nalipa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba ile milioni 4.4 ndiyo ilikuwa taiming beliti mpya (mkanda unaoendesha valvu za injini), oili ya giaboksi, shokapu na tairi nne. Tunamchukulia mnunuzi hela ya matengenezo siku ya kwanza, halafu tunamruhusu aingie barabarani na gari lilelile. Likiwa zima au likiwa bovu, ushuru wake ni uleule.

Msimamo wangu: umri usiwe kipimo. Kipimo kiwe hali ya gari na kumbukumbu za matunzo yake. Karibuni.

Jirani wa Nairobi

Habari zenu wa huko. Nyinyi mnalia kodi, sisi huku ni mlango kufungwa kabisa. Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii. Kufikia 2025 lilitakiwa liwe la 2018 kuja juu. Golf yako ya 2007 ingegeuzwa Mombasa.

Nami nina GTI, ya kizazi cha saba, ya 2014. Iliingia ikiwa bado ndani ya ile miaka 8, mimi nikainunua mkononi mwa mtu baadaye. Sasa fikiria: lile gari limeshapita miaka kumi, na linazunguka Thika Road kila siku bila mtu kuliuliza umri. Sheria ililisubiri bandarini, lilipovuka geti sheria ikalisahau. Aliyeniuzia alikuwa akiweka oili ya bei rahisi kuliko zote, na logbuku (kadi ya gari) haisemi hilo. Kwa hivyo naunga mkono hoja, lakini kwa sababu yangu: umri unapimwa mara moja, na uchakavu unaendelea.

Jambo moja tu nawapinga. Tangu mlango ufungwe kwa magari makuukuu, yale yanayoingia kwetu yana breki na mifuko ya hewa ya kueleweka. Hilo silidharau.

Fundi, Arusha

Mkuu mleta mada, hongera kwa gari. Mimi nashika Volkswagen na Audi mwaka wa kumi na mbili sasa, na nitazungumza ya gerejini, siasa ya kodi nawaachia wengine.

Watu wakija kuniuliza "Golf ipi ninunue" wanataka niwaambie mwaka. Mwaka haunisaidii. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hela nyingi zinapotea.

GTI ya kizazi cha tano kama yako ina giaboksi ya DSG (inayobadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili) ya gia sita, na klachi zake zinaogelea kwenye oili. Ukibadilisha oili hiyo na filta yake kila kilometa 60,000, inadumu. Tatizo ni kwamba wenye magari wengi huku hawajui hata kama giaboksi ina oili ya kubadilisha. Sasa chukua Golf mpya zaidi, zile za kawaida za injini ya lita 1.2 na 1.4. Nyingi zimefungwa DSG ya gia saba yenye klachi kavu. Ile ndiyo iliyofanya Volkswagen waite magari yarudi kurekebishwa kwa mamia ya maelfu nchini China mwaka 2013, na nchi nyingine zikafuata. Weka klachi kavu kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, gari linasogea hatua mbili linasimama, joto linapanda, mara gia zinagoma kuingia. Kwa hiyo mtu aliyenunua la 2013 akijisifu kwamba lake ni jipya na amekwepa kodi kubwa ndiye analala gerejini kwangu, na wa 2007 mwenye oili safi anapita barabarani ananipungia mkono.

Njoo kwenye injini. Kizazi cha tano inatumia taiming beliti, ina muda wake wa kubadilishwa na ukiuheshimu unalala usingizi. Kizazi cha sita wakaweka cheni, watu wakashangilia kwamba cheni haibadilishwi. Kifaa kinachokaza ile cheni kwenye matoleo ya mwanzo, mpaka kwenye 2012 hivi, kina udhaifu. Kikiachia, cheni inaruka meno, valvu zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Dalili yake ni mchachatiko wa sekunde mbili tatu asubuhi unapowasha injini ikiwa baridi. Ndiyo maana nawaambia wanunuzi: mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, rudi kesho. Kizazi cha saba nacho kina nyumba ya pampu ya maji ya plastiki, inavuja taratibu, unaona kulenti (maji ya kupozea injini) inapungua bila kujua inakoenda.

Nyingine: hizi injini zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa kuzisafisha. Kaboni inajijenga pale hadi gari linakohoa likiwa sailensa (injini inawaka, gari limesimama). Kusafisha ni kazi ya siku nzima, na unamlipa fundi aliyeifanya kabla, usiwe wa kwanza kwake.

Mleta mada, nakuuliza wewe: ulishakitoa kile kikombe cha pampu ya mafuta? Kama hujakitoa tangu ulipoliagiza, usisubiri.

Mama wa Buguruni

Wanangu, nimewasoma wote, mnaongea vizuri sana habari za injini. Mimi sina gari. Ninaishi pembeni ya barabara ya Mandela, na binti yangu ana pumu. Kwa hiyo mnisamehe nikilitazama jambo hili kutoka kwenye bomba la moshi.

Mleta mada anasema kipimo kiwe matunzo. Sawa mwanangu, lakini nani atayapima? Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye nyaraka, afisa wa forodha anausoma, hawezi kulionea gari wala kulipendelea. Ukisema "hali ya gari", tayari umeweka mtu katikati wa kuamua kwamba hili zima, hili bovu. Sote tunajua mtu huyo atasalimiwa vipi. Umri ni kipimo butu, nakubali, ila angalau hakina mfuko.

La pili. Hao Wajapani wenyewe, gari la petroli likizidi miaka 13 wanalipandishia kodi ya mwaka. Ndiyo maana wanaliachia kwa bei ya kutupa, likapande meli. Kama kwao ni mzigo, kwangu limekuwa zawadi lini?

La tatu ndilo linaloniuma. Magari yanaingia nchini yakiwa na masega, yale ya kusafisha moshi. Yakikaa kidogo yanatolewa yanauzwa kwa sababu ya madini yaliyomo, au yameziba na mwenye gari hataki gharama ya mapya, basi fundi anachomelea bomba tupu. Vijana wa magari ya mbio ndio vinara, wanataka mlio. Mwanangu, hilo gari lako unalolipenda, masega yake yapo?

Mzee wa Moshi

Nina neno moja. Mnajadili umri na moshi, mimi nimezika kijana wa jirani aliyekuwa na gari la aina hiyo. Farasi 200 kwa mtu aliyepata leseni mwaka jana. Kama mnatafuta cha kutoza, tozeni nguvu.

Mleta mada, Dar es Salaam

Shikamoo mzee, na pole kwa msiba. Sitabishana na kaburi. Nitasema tu kwamba ushuru wa bidhaa unapanda injini ikizidi CC 2000, lakini turbo inatoa nguvu kubwa kwenye injini ndogo, kwa hiyo yangu inalipa sawa na gari la nusu ya nguvu zake. Hapo una hoja ambayo mimi sikuileta. Kwa upande mwingine, gari hili lina diski za mbele za milimita 312 na ESP ya kuzuia lisiserereke, vitu ambavyo magari mengi madogo ya rika lake tunayoendesha hayana.

Fundi, nimefanya ulichosema. Jumamosi tulifungua pampu ya mafuta ya presha, boliti tatu, na kutoka chini yake kikateleza hicho kikombe cha chuma, ukubwa wa kizibo cha soda. Kwa wasiokijua, kinakaa kati ya kemu (mhimili unaosukuma valvu na pampu hiyo) na pampu, kinasuguliwa muda wote injini inapozunguka. Kinatakiwa kiwe cheusi uso mzima. Changu katikati kilikuwa na duara jeupe linalong'aa kama kioo, utando umelika. Hakijatoboka, lakini kilikuwa njiani. Kikitoboka, pampu inaanza kuila kemu yenyewe na chenga za chuma zinaingia kwenye oili. Kipya hakikufika bei ya kujaza tangi. Miaka yote hii nilikuwa naendesha juu ya hicho kizibo, na hakuna karatasi ya forodha iliyowahi kukiuliza.

Mama, shikamoo. Maswali yako yamenikosesha usingizi kuliko ya wote. Masega yapo. Niliingia chini ya gari nikaangalia kwa macho yangu wakati lipo juu ya jeki, na nilipoagiza nilihakikisha hayajaguswa.

Kuhusu nani apime, nadhani kuna vitu visivyohitaji maoni ya mtu. Japani gari binafsi linakwenda ukaguzi wa lazima likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na kilometa zinaandikwa kwenye cheti. Gari la miaka 14 lina msururu wa ukaguzi nyuma yake. Hayo ni maandishi, kama ulivyo mwaka wa kutengenezwa. Na moshi una mashine yake: unaingiza kipimo kwenye bomba, namba inatoka. Masega yakitolewa, namba inapiga kelele yenyewe. Napendekeza ile asilimia 30 ishushwe kwa gari lenye kumbukumbu kamili na namba safi, na kipimo hicho kirudiwe kila mwaka kwa magari yote, hata lililoingia likiwa jipya. Uganda waliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, Kenya 8, sisi tumeweka bei. Wote watatu tunalitazama gari siku moja tu ya maisha yake, kama alivyosema jirani wa Nairobi.

Na nakiri hili: nilikuwa nimelitetea gari langu kana kwamba kila mwenye gari la zamani anafungua pampu Jumamosi. Siyo kweli.

Mama wa Buguruni

Marahaba mwanangu. Umejibu kama mtu aliyesikiliza. Kile kipimo cha moshi cha kila mwaka nakiunga mkono kwa mikono miwili, na kianze na malori. Lakini mpaka siku mashine hiyo itakaposimama pale njia panda ikifanya kazi, asilimia 30 yako siiachii.

Fundi, Arusha

Nipo upande wa mama. Mleta mada, kemu yenyewe uliitazama? Mulika tochi kwenye tundu la pampu, zungusha injini kwa mkono, angalia zile pembe za kemu kama zina mikwaruzo. Kikombe kipya juu ya kemu iliyokwaruzwa hakimalizi mwaka.